Jengo Walilopewa Wazee

Kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta buheri wa afya, wewe, wifi na huyo mmoja wenu mnayemlea kama yai. Sisi huku tu wazima, mimi na Mama, wawili tuliobaki nyumbani. Magoti yanamsumbua kidogo, ila mdomo haujapungua kasi.

Uliniambia mjini kwenu watoto wanabanana wanne dawati moja, wengine sakafuni. Huku ni kinyume. Shule yetu ile tuliyosoma tukigombea viti, mwaka huu ilibakiwa na watoto kumi na mmoja. Vijana wamehama kama wewe, na waliobaki wakipata mtoto mmoja wanafunga duka. Mama alituzaa saba. Sisi saba, kwa ujumla wetu, tumempa wajukuu wanne. Mtaa mzima mvi tupu.

Basi akaja afisa elimu akatangaza kwamba shule inafungwa, watoto watahamishiwa ya mbali, na jengo wanapewa wazee wawe wanashinda humo. Akaitisha mkutano ili wazee watoe shukrani. Mimi, mwalimu wa watoto hao, nilikaa nyuma kabisa, roho imeninyong'onyea.

Mama akasimama. Unamjua akisimama. Akauliza kama ni kweli jengo sasa ni la wazee. Afisa akajibu ni kweli tupu, hata saini zimeshatiwa. Mama akamshukuru sana, kisha akamwambia kwamba wenye jengo wameamua: linabaki shule, watoto hawatoki, na wazee wanaingia darasani, maana kukaa tu hata majumbani wanakaa. Watu walilipuka kwa vifijo! Mzee fundi viatu alipiga meza kwa bakora mpaka nikaionea huruma meza. Afisa akaishia kucheka. Haukupita muda ruhusa ikaja.

Ungeona sasa, kaka! Madawati yamejaa. Fundi viatu anasoma jiografia na binti wa miaka saba ambaye kazi yake kubwa ni kumtafutia miwani. Kwenye hesabu za kichwa wazee wanawaacha watoto mbali. Kwenye kompyuta wanabembeleza wafundishwe. Tumeshinda, na nina furaha mpaka naona aibu.

Lipo jambo nimelichelewesha makusudi. Ile kazi uliyonihangaikia huko kwenu nilikuwa nimeshaikubali moyoni. Siku ya mkutano begi langu lilikuwa uvunguni, limefungwa, na Mama sikuwa nimemwambia. Nilikwenda pale kuwaaga watoto. Siji tena, kaka, usinikasirikie. Juzi nilijikaza nikamweleza Mama. Akaniambia begi aliliona zamani, alipokuwa akifagia, kisha akaniuliza nilidhani siku ile mkutanoni alisimama kwa ajili ya nani.

Nisalimie wifi na umbusu mwanao. Mama angekuandikia mwenyewe, lakini ana kazi ya nyumbani, na mwalimu wake hana mchezo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba