Isale la Kwenda Newala

Jumapili, 6 Februari 1972
Nimepanda Kilema kwa wazazi, na barua ya dada yangu Anjela. Mama hajui kusoma, kwa hiyo namsomea jikoni. Baba ametoka kama kawaida, kaenda kwa ng'ombe, nyuma ya ukuta wa mbao wa jikoni. Tangu Anjela aolewe Newala bila ruhusa yake, hamtaji. Lakini nikisoma, ndoo na jembe hunyamaza.

Barua fupi. "Kaka, kila barua namwamkia Baba. Miaka mitatu hajaitikia. Hii ndiyo ya mwisho."

Mama kaniomba nirudie. Nimerudia. Kwa ng'ombe kimya.

Jumatano, 9 Februari
Mabogini, kuandikia gazeti letu habari ya mifereji ya mpunga. Nimeimaliza kabla ya chakula. Jioni nimejaribu kumwandikia dada yangu. Nimeichana karatasi.

Jumapili, 5 Machi
Hakuna barua. Nimepeleka sukari na mkate. Baba alikuwa ananisubiri kihambani, kwenye migomba yetu, jambo ambalo halifanyi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Sukari na mkate."

"Nimeuliza umekuja na nini."

Nikasema barua sina. Akaenda zake migombani. Mama anasema siku hizi Baba hali chakula vizuri. Mimi pia namkumbuka Anjela. Mno.

Jumapili, 12 Machi
Baba amekata jani moja la isale, ule mmea wa mpakani mwa kihamba, akalifunga fundo. Ameniambia nilitie kwenye bahasha.

Kwetu isale ni kuomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Mdogo humpelekea mkubwa. Mzee kumpelekea binti yake, sijawahi kuona.

Nikauliza niandike nini.

"Usiandike kitu. Wewe ukianza utatengeneza gazeti."

Nimetii. Kesho asubuhi nitawahi foleni ya posta.

Jumanne, 28 Machi
Barua kutoka Newala. Mwandiko si wa Anjela, ni wa mumewe.

"Shemeji, Anjela yuko Masasi kwa mafunzo. Tumeletewa jani kavu lililofungwa fundo, bila neno. Kama ni dawa, ungesema ya nini. Kama ni uchawi, nimeshalitupa shimoni."

Nilikasirika. Halafu nikacheka peke yangu ofisini mpaka mpiga chapa akachungulia. Mmakonde atajuaje isale? Nimemjibu hapohapo, maelezo yote. Baba sijamwambia. Nina hofu.

Alhamisi, 13 Aprili
Telegramu. ISALE NIMELIOKOTA. NIMESAMEHE. ANJELA.

Nimeomba ruhusa kazini, nimepanda na mvua. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Baba akashika karatasi, akaisogeza karibu na jicho lake moja linaloona, akaigeuza nyuma.

"Hii kaandika nani?"

"Anjela, Baba."

"Hii kaandika karani wa posta. Salamu zake nimwitikie karani?"

Mama akamwambia ana kichwa kigumu kuliko mbuzi wake. Baba akanirudishia karatasi. Ana haki.

Jumapili, 7 Mei
Barua imekuja jana. Ya Anjela, kwa mkono wake, karatasi za daftari.

Mvua kubwa. Barabara utelezi, nimefika matope hadi magotini. Baba hakwenda kwa ng'ombe. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akanyoosha mkono kabla sijafungua mdomo. Kusoma hajui. Alipitisha kidole gumba nyuma ya karatasi, taratibu, mstari kwa mstari.

"Ndiye. Bado anakandamiza kalamu kama anachimba."

Sikujua kwamba alipata kuliona hilo. Akanirudishia nisome. Salamu ya Baba ilikuwa juu kabisa. Ameitikia, kwa sauti. Mama kafuta macho kwa kanga. Nikasoma hadi mwisho: mafunzo, mahindi, mtoto ameota meno.

Baba kaniuliza mtu akienda Newala hulala wapi njiani. Nikamtajia miji. Akairudia mmoja mmoja, polepole. Mvua haijakatika.