Mate ya Mwalimu wa Kung Fu

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimeharibu. Nimeharibu kabisa! Namunyak amepiga simu asubuhi, sauti chini: baba yake amesikia muvi yangu. Mtu aliitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo wao huko Kajiado. Na Jumamosi ndiyo siku naenda na Mjomba Kiilu kumposa!

Miaka mitano natafsiri muvi hapa Kitengela, naweka sauti yangu juu ya Wachina na Wahindi, ukumbi unajaa. Na kati ya zote, mzee asikie hiyo. Yule mwalimu wa kung fu nilimpa sauti ya mzee wa Kimaasai. Anamtemea jambazi mate usoni, nami nasema, "Pokea baraka, kijana wangu, Engai akuzidishie!" Watu walivunjika mbavu. Leo hata sicheki.

Jumatano, 4 Juni

Sijatafsiri kitu. Nimeambia wateja stima imepotea, na feni inazunguka juu ya vichwa vyao. Aibu.

Baadaye nimeirudia muvi peke yangu, mara tatu. Kwa nini wafugaji wanapenda hizi kung fu? Siku ya soko ukumbi ni shuka nyekundu tupu. Naona ni huyo mwalimu. Kijana hapigani mpaka mzee amruhusu. Akienda bila ruhusa, anapigwa kama ngoma. Na vichekesho tunavyorudia kila wiki ni vya mshamba anayedharauliwa mjini, halafu mwisho anacheka yeye. Si ni sisi hao! Sasa mimi nikamchukua mzee wao wa maana nikamfanya mchezo. Mjinga mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Ujumbe mmoja tu kutoka kwa Namunyak. Baba anasema uje na hiyo muvi.

Mjomba anacheka: "Mulwa, angalau hajasema uje na sanda."

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nimekaa kwenye jiwe, nyuma ya nyumba ya Mzee Lesiamon, baba ya Namunyak. Haraka haraka.

Tulifika saa tano. Nikainamisha kichwa vile Namunyak alinifunza, nikangoja mzee anisalimu kwa kunigusa kichwani. Hakunigusa. Weka muvi, akasema. Nikaweka — yeye, wazee wenzake wawili, Mjomba, na mimi jasho hadi kwenye soksi. Mwalimu akatema. Sauti yangu ikasema ile kitu.

Halafu mzee mmoja akapiga goti kofi, akacheka, akapangusa machozi na shuka. Wakaanza kubishana kwa Kimaa, Namunyak ananitafsiria kutoka mlangoni. Huyu anasema mwalimu ni babu yake kabisa, hata ukali ni ule ule. Mwenzake: babu yako gani aliruka ukuta?

Mzee Lesiamon akaniangalia. Akasema kicheko hakina shida. Shida ni kwamba mate ni baraka, ni ya mtu unayempenda — mtoto mchanga, kijana anayesafiri. "Wewe umempa mwizi. Wasiotujua watasema tunatemea watu matusi."

Nisamehe, Mzee, sikujua. Na ni kweli! Mwaka mzima nampenda binti yao na sikuwahi kuuliza.

Basi tunarekodi upya, hapa hapa; maiki huwa haikosi kwa begi langu. Mwizi hapati baraka. Sauti ya kutema na maneno ya baraka yanahamia kwa mwanafunzi, akitoka kwenda vitani, na sauti ya mwalimu ataitoa Mzee mwenyewe. Mjomba akajaribu kuuliza habari ya Namunyak. Eti muvi kwanza.

Mzee alikuwa ameshika maiki juu chini. Nikainama kumgeuzia — akatema! Hapa, kwenye paji la uso. Akaniwekea mkono kichwani, akarudi kugombana na maiki kana kwamba hakuna kitu. Mjomba aliruka. Namunyak amefunika uso na kanga, analia ama anacheka, sijui. Mimi nilisema naenda kutafuta waya. Uongo. Nilitaka kupumua. Ai, nimepumua!

Mzee ananiita, anataka kuanza tena. Muvi bado. Jibu bado. Uso sijapangusa.