Muhogo wa Mavivi

Jumatatu, 5 Machi 2001
Butembo. Docteur Siméon ametuma mufuko ya unga toka Beni. Bakimbizi kule Mavivi bamekula bugali, kisha kutapika, kizunguzungu. Mutoto mumoya amekufa. Banasema Mama Mwanvua, mwenye kuuza unga, ametia sumu. Commandant wa baaskari kule amemufunga.
Toka nirudi na diplome yangu ya kupima vyakula, bandugu bananiita "fundi wa bugali". Bacheke! Unga ni mweupe, muzuri, hapana harufu. Basi, donc, iko nini ndani? Nimeufunga mu chupa na maji kidogo, na karatasi ya manjano ya labo, ile inageuka rangi kama sumu iko. Kesho tutaona.

Jumanne, 6 Machi
Karatasi — rangi ya matofali! Ni sumu ya muhogo wenyewe, ule muchungu. Furaha ilinishika. Kisha nikakumbuka mutoto. Haya ilinishika pia.
Lakini muhogo huu tunakula siku zote. Ukilala mu maji vizuri, sumu inatoka. Mara hii ilibaki. Juu ya nini, sababu gani?

Alhamisi, 8 Machi
Beni. Joto! Nimetafuta bamama benye kumuuzia Mwanvua mihogo. Kisha Mama Agar — ni mutoto wake aliyekufa — akasema: zamani banaacha mihogo mu mutoni mpaka inalainika. Sasa basoda, baaskari ya commandant, banaiba. Usiku moya tu, banaitoa, banaanika.
Akanitazama. "Donc ni miye nimeua mutoto wangu?"
Nikamuambia: hapana, Mama. Hapana.

Ijumaa, 9 Machi
Commandant: sumu iko, ao haiko?
"Iko, mon commandant. Lakini hapana mutu aliyeitia. Ni haraka."
"Haraka ya nani?"
Nikasema: ya bamama. Mihogo yao inaibiwa mu mutoni. Hakuuliza nani anaiba! Amesema nimuonyeshe kwa macho: mihogo ya shamba ile ile, ilainike vizuri. Karatasi ikibaki manjano, Mwanvua anatoka. Ikigeuka…? Hakumaliza.

Jumapili, 11 Machi
Pipa ya maji, na mihogo ya shamba ile ndani, iko katikati ya camp ya basoda. Basoda babili banailinda na bunduki — amri ya commandant, hapana mutu kugusa. Mwanvua anachungulia kwa dirisha ya cachot, kule amefungwa.
"Binti yangu, inalainika?"
"Bado, Mama."
Naandika nikikaa pembeni ya pipa. Mama Agar amefika sasa hivi, kitunga ya mihogo mugongoni. Bamama bengine nyuma yake, na vitunga vyao. Anauliza basoda kama banaweza kulowesha yao hapa pia, kwani hapa hapana mutu kuiba.
Basoda banatazamana. Mama Agar anashusha kitunga yake pembeni ya pipa.