Clémence Hakusikia Makofi

Shangazi Delfina mpendwa, nakusikilizaga kwenye kipindi chako kila Jumamosi nikiwa jikoni, na leo ni mimi ninayetaka kusikilizwa, naomba unisaidie kuelewa jambo moja la nguvu za Mungu, kwa sababu hapa Louisville, Marekani, kila ninayemuuliza ananiambia nisiulize.

Mimi ni mama wa Kikongo, tulitoka Kivu tukapita kambini Burundi, sasa nafunga mizigo kwenye ghala na bwana yangu Birindwa yuko usine, kiwanda cha vipuri vya magari. Mtoto wetu Clémence ana miaka kumi na tatu na hasikii, homa kali ilimshika kule kambini akiwa anajifunza kutembea, ikaondoka na masikio yake. Shuleni anaongea na wenzake kwa mikono, haraka haraka, wanacheka, na mimi nasimama pale natabasamu tu kwa kuwa sielewi. Nyumbani tunaandikiana kwenye simu, yeye Kiingereza, simu inanigeuzia Kiswahili, ndivyo tunavyoishi.

Bon, mwaka huu kanisa letu lilikwenda Columbus kwenye mkutano wa maombi, na mhubiri alikuwa Mchungaji Ruhimbika wa Lackawanna, kule karibu na Buffalo, mtu mwenye machozi ya karibu, mimi mwenyewe nimelia sana katika mahubiri yake. Aliposikia kuna mtoto kiziwi akamwita mbele, akamtia vidole masikioni, akaomba, ukumbi mzima ukaomba, kisha akamgeuza atazame ukuta na akaagiza mtu apige makofi nyuma yake. Yule mtu akapiga, akapiga tena kwa nguvu huku akikanyaga jukwaa la mbao, na Clémence akageuka. Shangazi, watu walianguka chini, wengine walirusha vitambaa, Birindwa alinishika akilia na mimi nikalia naye, na wakati ule niliamini kabisa.

Tukiwa njiani kurudi nilimwita Clémence kutoka kiti cha mbele. Nikaita tena. Alikuwa anatazama nje. Nikamwandikia kwenye simu, ulisikia makofi? Akajibu kwamba alihisi mbao zikitetemeka chini ya miguu. Halafu akaandika swali ambalo ndilo limenifanya nikuandikie:

“Mama, Yesu alimtoa yule kiziwi pembeni, mbali na watu. Mbona mimi niliwekwa mbele ya watu wote?”

Sikujua hata kwamba habari hiyo anaifahamu. Tulipofika nyumbani nilifungua injili, nikaikuta, ni kweli alimtoa pembeni.

Nilimwambia Birindwa kwamba mtoto hasikii. Hakukasirika, alisema tu kwamba muujiza unaweza kuja polepole na mimi nikianza kukana nitaufukuza. Mama mmoja wa kikundi cha maombi akanikumbusha kwamba hata Yesu, kwao Nazareti, hakufanya miujiza mingi kwa sababu watu hawakumwamini. Donc, mimi ndiyo Nazareti ya mtoto wangu? Na sasa Mchungaji ametualika Buffalo, Clémence asimame atoe ushuhuda kwamba amepona, Birindwa ameshaomba ruhusa kazini, na mtoto anakataa kwenda. Siyo kwamba siamini, naamini Yesu alifungua masikio ya watu, lakini nataka kujua nguvu ile inafanyaje kazi, inangoja imani yangu, au ya mtoto, au ya ukumbi? Na nikisema ukweli, nitakuwa nimeizuia?

Nzigire, Louisville

*

Mama Clémence, mdogo wangu,

Pole, na hongera pia, maana una mtoto anayesoma injili kwa makini kuliko wakubwa wengi.

Hapana, wewe si Nazareti. Wale walimdharau, wewe unamuuliza. Kuna baba alimleta mwanawe mgonjwa, akamwambia Yesu waziwazi kwamba anaamini, na papo hapo akakiri kwamba imani yake haitoshi. Hakufukuzwa, alisaidiwa. Na huyo kiziwi wa Clémence, msome tena: hakuna mahali alipoulizwa ana imani kiasi gani. Kwa hiyo sijui nguvu ile inafanyaje kazi, na anayekuambia anajua, muulize alifundishwa wapi. Ninachokiona ni kwamba haijawahi kuhitaji uongo ili isimame. Mungu hapungukiwi na kitu ukisema mtoto wako alihisi mbao. Imani inayoogopa swali la mtoto bado ni changa, mama. Iache iulize, ndivyo itakavyokua.

Sasa nikugombeze kidogo. Yesu alipomtoa yule mtu pembeni alifanya nini kwanza? Alimgusa masikio, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Angeanza na mahubiri, nani angeyasikia? Alimwonyesha kwa mikono yake jambo atakalomfanyia. Alianza na lugha ya yule mtu. Wewe miaka yote unaomba Clémence aingie katika lugha yako, na ya kwake hujaigusa. Kazi inachosha, najua, nami hapa Gahanna, karibu na Columbus, nimefanya kazi ya kutunza wazee, nikiwainua vitandani mpaka mgongo ukaniuma. Hata hivyo simu isiwe ndiyo mama wa mtoto wako.

Fanya hivi. Clémence haendi Buffalo. Amekataa, na masikio ni yake. Mpigie Mchungaji wewe mwenyewe, Birindwa akiwa amekaa hapo, na usimwite mwongo, kwa maana huenda aliamini kama ulivyoamini wewe. Mwambie tu kwamba mtoto hasikii. Kisha nenda shuleni ukaulizie darasa la lugha ya alama kwa wazazi, na baba yake aende pia. Kumwombea usiache, ila siku nyingine kabla mtu hajamtia vidole masikioni, aombwe ruhusa yeye mwenyewe.

Shangazi Delfina

*

Shangazi, nilimpigia Mchungaji Ruhimbika. Nilipomweleza, akauliza kama mtoto alimwogopa. Nikasema ndiyo. Akasema atawaambia watu wa Buffalo yeye mwenyewe, na kwamba ataisoma upya habari ya yule kiziwi. Sijui kama aliwaambia.

Birindwa aliumia sana. Kwa siku kadhaa hakuomba kwa sauti mezani, nami sikumlazimisha. Lakini ile ruhusa ya kazini hakuirudisha, tuliitumia kwenda darasani wote wawili. Vidole vyake ni vigumu kuliko vyangu, Clémence anamsahihisha huku akicheka, na yeye anakubali kuchekwa.

Jana, tukiwa tunakunja nguo, nilimuuliza kwa mikono, polepole, nikikosea na kurudia, kama anataka niendelee kumwombea asikie. Akaweka shati chini. Kisha akanijibu kwa mikono, na nilielewa mara moja: ngoja kwanza nifikiri.

Nzigire