Chumvi ya Nyina wa Nsabimana

Kasulu, 3 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mwambie Mama dagaa wamefika salama, na wenzangu wa bwenini wamewamaliza kabla sijawaonja sawasawa. Mimi sijambo, ila mvua ya huku haituonei huruma.

Nina jambo la kukuchekesha. Hapa chuoni Mwalimu Venanti anatufundisha namna ya kupima kama watu wa kale waliishi kweli au walitungwa. Sokrate hakuandika hata mstari, lakini yupo mtu aliyemkejeli jukwaani angali hai, kwa hiyo aliishi. Lao Tse wa Wachina anatiliwa mashaka, hata jina lake ni kama kusema Mzee Mwalimu tu. Kabla hujanipigia kelele: Yesu, hata Warumi wasiompenda walimwandika, basi tulia. Tunatafuta mashahidi wawili ambao hawakuwahi kupatana la kusema. Neno la mtu asiyempenda ndilo zito zaidi, maana huyo hana sababu ya kumtunga.

Sasa kila mmoja ampime mtu wa kwao. Nimemchagua Bibi, mama yako, niliyerithi jina lake. Hana picha, kaburi halijulikani, karatasi sijawahi kuiona. Nimewaambia wenzangu kwamba kwa vipimo hivi bibi yangu hakuwahi kuwepo, tukacheka mno. Nitumie chochote chenye jina lake. Mpe jirani yetu Mansuri akija huku Kasulu kufuata mzigo wa duka lake.

Binti yako,
Ininahazwe


Kasulu, 14 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Wiki sita sasa. Mansuri amekuja mara mbili mikono mitupu, na nikipiga simu unampa Mama. Mansuri anasema siku hizi unapita dukani kwake bila hata kusimama kusalimia. Wewe, Baba, upite usiongee?

Kama nimekukosea kuhusu Bibi, naomba radhi. Ulikuwa utani wa darasani. Nitampima mtu mwingine.

Mtoto wako,
Ininahazwe


Kibondo, 28 Aprili 2024

Mama yangu Ininahazwe,

Hujambo mama? Sisi wazima. Maharage yametoka vizuri, mama yako ana kikohozi kidogo lakini bado ananigombeza, kwa hiyo hajaumwa sana.

Hujanikosea. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, nawe unajua mimi na kalamu.

Nilikuwa na miaka mitano tulipokimbia Burundi, mwaka sabini na mbili. Mama alikufa kwa homa siku chache baada ya kuvuka mto. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake hakuna anayeliita tena. Watu wote walimwita Nyina wa Nsabimana, yaani mama yangu mimi. Na mimi nilimwita Mama. Jina lake silijui, mwanangu.

Nilipokwenda kuandikishwa ukubwani, karani alikataa kuacha nafasi wazi. Nyuma yangu kwenye foleni mtu akamwita mwenzake, "Ininahazwe!" Nikalitaja hilohilo. Ulipozaliwa nikakupa wewe, labda uongo wangu utapata mwili. Nimekudanganya miaka ishirini na miwili na naona haya.

Ninachokumbuka ni kiganja chake kina chumvi, ananilambisha. Basi. Na kuna siku nafikiri hata hicho nilikitunga, maana mtoto asiye na mama hujitengenezea mama. Uliposema hakuwahi kuwepo, nikajiambia, kumbe binti yangu naye ameligundua.

Waliovuka nasi amebaki mmoja, Bibi Akimana, yuko Kakonko. Tangu nikiwa mdogo ananitazama kwa jicho baya, sijui kwa nini. Sijawahi kumuuliza. Naogopa atasema niliokotwa tu pale mtoni, kwamba sikuwa mtoto wa mtu.

Baba yako,
Nsabimana


Kasulu, 2 Juni 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine. Kikohozi cha Mama kimeisha? Mimi nimelia mpaka macho yamevimba, lakini soma kwanza.

Jana nilikuwa Kakonko. Usinikaripie, nauli niliyokuwa nayo ilitosha. Sikumwambia Bibi Akimana mimi ni nani, maana Mwalimu Venanti anasema shahidi hatiliwi maneno mdomoni. Nilimuuliza tu mwaka ule alivuka na akina nani. Akawa anataja mmoja mmoja kwa vidole. Alipofika cha nne akakunja uso.

"Na yule mchoyo," akasema. "Nyina wa Nsabimana. Siku tatu tunakula majani ya kuchemsha, yeye ana chumvi kaifunga kwenye pindo la nguo. Nikamwomba kidogo tu. Akaninyima, eti ya mtoto. Akawa anamlambisha kiganjani, mimi naangalia."

Baba, chumvi sikuitaja mimi. Nanyi wawili hamjawahi kulizungumza. Miaka hamsini na miwili na bado amemkasirikia! Mtu ambaye hakuwepo hawezi kumnyima mwenzake chumvi. Hukumtunga. Ulikuwa mtoto wa mtu, na mtu huyo alikubali kuchukiwa kwa ajili yako.

Jina lake naye halijui. Hili langu silibadilishi. Umeliita kwa ajili yake muda wote huu, limeshakuwa lake.

Binti yako, na mjukuu wake,
Ininahazwe


Kibondo, 16 Juni 2024

Mama yangu,

Hujambo? Sisi wazima, kikohozi kimekwisha, kugombezwa kunaendelea.

Barua yako nimeisoma shambani, nimekaa juu ya tuta kama mgonjwa. Juzi nikanunua kwa Mansuri kilo mbili za chumvi, nikaenda Kakonko. Nikamwambia Bibi Akimana mimi ndiye yule mtoto, nimemletea aliyonyimwa. Akaupima mfuko kwa mkono, akauliza mbona imechelewa.

Halafu akaufungua, akashika mkono wangu, akanimiminia kidogo kiganjani, na mvi zangu hizi zote.

"Lamba," akasema.

Nikalamba. Ni ileile, mwanangu.

Baba yako,
mtoto wa yule mchoyo