Glasi za Bi Hermelinda

KITUO CHA POLISI, SAN ISIDRO GUELAVÁ, OAXACA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Eufrosina Jarquín Lázaro
Umri: Miaka 61
Kazi: Mpishi wa meskali, pombe kali ya mkonge (shahidi amesisitiza iandikwe "mpishi", si "muuzaji")
Makazi: Nyuma ya kanisa dogo, San Isidro

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, tena kwa sauti ya juu, ili mwanangu Abundio aliye mahabusu anisikie.

Mnamo tarehe 14 Machi asubuhi, matanga ya Bi Hermelinda yakiwa yamekwisha, nilimtuma Abundio kanisani na kikapu akachukue glasi. Marehemu alikuwa shoga yangu tangu usichana. Mishumaa ya msiba wake iliwaka ndani ya glasi kama kawaida yetu, zile nene, zenye mistari ubavuni na msalaba kwenye kitako. Nta ikiisha, glasi ni za yule aliyepika meskali ya matanga. Aliyepika ni mimi. Zinaoshwa kwa maji ya moto, halafu zinanywewa, na mnywaji haweki chini mpaka auone msalaba. Meskali yangu haijawahi kumiminwa kwenye kikombe cha plastiki, na nikiwa hai haitamiminwa.

Anayebeba glasi za marehemu hasemi neno mpaka zioshwe. Hata akikanyagwa.

Muda si mrefu nikasikia kelele, nikatoka. Nilimkuta Nereo, mtoto wa marehemu, mtunzaji mpya wa kanisa, amemkaba Abundio shati. Nereo aliondoka hapa mdogo kwenda Marekani, amerudi mwaka jana na viatu vyeupe. Alikuwa anasema, "Mwizi mkubwa! Hadi taa za mama yangu? Sema, nani kakutuma?"

Nikamwambia, "Mwachie, baba. Nimemtuma mimi."

Akanijibu, "Mama Eufrosina, usimtetee. Kama si mwizi, mbona hana mdomo?"

Askari wako wawili wakaja, watu wa mjini, siwalaumu. Walimuuliza jina, akanyamaza. Wakamchukua yeye na kikapu.

Afande umeniuliza kama mwanangu ni bubu. Bubu! Abundio akianza kuongea hata punda wangu anayesaga mkonge husimama kumsikiliza. Kulala rumande anaitwa mwizi, na neno moja lingemtoa, asiliseme! Nimezaa wanne, lakini sijapata kuringa kwa mtoto kama ninavyoringa leo.

Nereo amekaa pale benchi, na nasema akisikia. Baba, mama yako alipokuwa kitandani aliniambia, "Shoga, glasi ya kwanza mpe mwanangu. Amesahau kwao, mkumbushe taratibu." Abundio alikuwa anazileta nizioshe, ya kwanza iwe yako. Glasi yako ndiyo hiyo mezani, wameifunga karatasi ya kielelezo.

Afande, siombi dhamana. Naomba maji ya moto.

Niliyoyaona na niliyoyaagiza ni hayo, sipunguzi hata moja.

Sahihi ya shahidi: E. Jarquín L.

MAELEZO YA OFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya, akakubali ni sahihi na kusaini. Maji yalichemshwa kwenye birika la kituo. Shahidi aliosha vielelezo vyote mbele yangu. Glasi ya mwisho ilipofutwa, mtuhumiwa alitamka neno la kwanza tangu akamatwe: "Mama, mbona umechelewa hivyo?" Hajanyamaza tangu hapo.

Shahidi alitoa chupa ndani ya mtandio wake, akammiminia mlalamikaji, Nereo. Mlalamikaji alikunywa taratibu, hakuiweka chini mpaka akauona msalaba kwenye kitako, akaiinamia glasi huku akilia. Kisha akaomba malalamiko yafutwe na aruhusiwe kubeba kikapu yeye mwenyewe hadi nyumbani kwa shahidi.

Nilimweleza kwamba glasi zimekwishaoshwa, hivyo anaweza kuzungumza njiani. Alibeba kikapu akatoka kimya, na watu waliokuwa mlangoni wakampisha.