Mtihani Hauna Kuongea

Kwa sista Idah, Ruiru,

Niaje, msomi? Huku Thika niko poa. Mtaa wote wa Landless unaniita Mjapani, kwa sababu nimeimeza kichwani ile kaseti yote ya masomo ya Kijapani na hata kuku nawafukuza kwa Kijapani.

Sasa usicheke. Jana nilienda kujiandikisha kwa mtihani wa Kijapani wa Desemba, ile ngazi ya chini kabisa, nikaambiwa hakuna kuongea. Ni kusikiliza, kusoma na kupaka penseli kwenye vijiduara vya majibu. Mimi sijui herufi yao hata moja! Uliponiambia tujifunze herufi pamoja, nilikucheka mbele ya marafiki zako, eti umeolewa na vitabu. Naona aibu, Idah.

Nitakuja Jumamosi. Nifundishe kama mtoto wa nasari, lakini ufunge mlango.

Ndugu yako wa mdomo mwingi,
Mugo